Duara Jeupe Mezani kwa Bibi

Jumatatu, 4 Agosti
Sijamwambia mtu yeyote: meza ya Bibi nimeiharibu mimi. Kikombe cha chai ya moto, kitabu kitamu, basi. Limebaki duara jeupe katikati ya meza ambayo marehemu Babu aliichonga kwa mikono yake. Bibi yuko kwa Shangazi, anatibiwa macho. Anarudi Jumapili. Nimelifunika duara kwa kamusi. Dada ameuliza mbona kamusi yangu haibanduki pale siku hizi. Nimesema napenda herufi M.

Jumanne, 5 Agosti
Kwa seremala wa kona. Mara ya kwanza nilimuuliza saa. Mara ya pili nikamuuliza saa tena. Mara ya tatu akasema, "Mjukuu wa fundi, sema kilichokuleta, saa unaijua."
Nikasema. Hakucheka sana. Akanipa msasa na chupa ya mafuta ya tung, yanayokamuliwa kwenye mbegu za mti. Babu hakutumia mengine kwa samani za ndani. Sugua kufuata nyuzi za mbao, akaagiza, paka kiasi kidogo, subiri nusu saa, ufute yote kama vile hukupaka. Siku mbili zipite, urudie. Mara tano. Matambara yaanikwe wazi, yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.
Mara tano ni siku kumi. Ninazo tano. Lakini hesabu naiweza: mipako mitano myembamba ni sawa na mmoja mnene.

Jumatano, 6 Agosti
Nimesugua. Duara limetoka, limeacha baka jeupe la ukubwa wa sinia. Nikasugua meza nzima. Chini ya ukingo nikaona mwandiko wa penseli wa Babu: "Kimo cha kiwiko chake akiketi." Alimpima Bibi kama fundi cherehani! Nilikaa chini ya meza muda mrefu.
Kisha nikamimina chupa nzima. Sikufuta. Mbao ikang'aa kama asali.
Matambara nimeyaanika kando ya sare ya Dada, ikapata madoa ya mafuta. Hatuongei.

Ijumaa, 8 Agosti
Inanata. Juu imejikunja kama utando wa maziwa. Nzi mmoja ametua na hajaondoka. Nikaweka kamusi kufunika sehemu mbaya zaidi. Sasa kamusi nayo haiondoki. Dada amesema kweli naipenda herufi M.

Jumamosi, 9 Agosti
Bibi amerudi leo, siku moja kabla! Akaketi mahali pake, akaweka viwiko mezani kama kawaida. Alipotaka kuinuka, mikono ya gauni ikabaki.
Nikaungama yote, nikiitazama miguu yangu. Nilijua hataniruhusu tena kusogelea kitu cha Babu.
Bibi akainama. Akanusa meza. Akasema, "Babu yako aliipaka mara tatu kwa siku moja. Harusi ilikuwa kesho yake. Shemeji zangu walikula wameng'ang'aniwa na meza." Akacheka mpaka akafuta macho, macho ambayo daktari amemkataza kuyagusa. Nikamwonyesha maandishi ya penseli. Hayaoni vizuri, kwa hiyo nikamsomea. Akaniambia nisome tena.

Jumapili, 10 Agosti
Seremala ametuletea tapentaini ya kulainisha utando, kisu butu na chupa nyingine ya mafuta. Tumekwangua asubuhi nzima, Bibi akipapasa kwa vidole na kuniambia wapi bado. Kamusi imepona, jalada limebaki mezani mpaka tulipolikwangua nalo. Tukapaka mara moja, kidogo, tukafuta mpaka tambara likatoka kavu. Bibi akaniapisha: nisiiguse mpaka Jumanne. Nikaapa. Akaenda kujilaza.
Ilipendeza mno. Nikafikiri itapendeza zaidi. Nikapaka mara ya pili. Kisha ya tatu.
Nilipogeuka kutafuta chai yangu, niliiona juu ya kabati la Mama, la mbao, ingali inatoa mvuke. Nikainua kikombe, nikatazama. Nikaenda kuchukua kamusi.