X za Bluu Kwenye Banda la Baiskeli

Jamani, leo nimeaibika mbele ya shule nzima, na banda nimelibomoa kwa mikono yangu mwenyewe. Naandika hapa haraka kabla Masatu hajawafikia, maana yule ataongeza chumvi.

Wanaonijua wanajua nilipo. Bunda, kona ya uzio wa shule ya msingi, karibu na barabara kuu ya Musoma. Natengeneza baiskeli. Nina banda la nguzo na mabati, na mbele yake benchi ambalo wazazi hukaa wakisubiri watoto. Wasiosubiri kitu nao hukaa. Banda hilo ndilo linalonilishia familia, sina lingine.

Juzi alikuja dada mmoja kutoka Mwanza, kofia kichwani, futi mkononi. Mwalimu Nyangeta, mwalimu mkuu wetu, akamtambulisha kwangu: huyu ni msanifu, anaipanga shule upya. Maji ya mvua yavunwe kwenye paa, miti ya kivuli ipandwe, na jioni wananchi waruhusiwe kutumia uwanja na ukumbi. Maneno matamu. Matamu mno. Mimi nikiambiwa kitu ni "kwa faida ya jamii", huwa nashika mfuko wangu kwanza.

Yule dada akaniuliza kwa adabu, "Baba, hapa watu wanakaaga kuanzia saa ngapi?"

Nikamjibu kama niko kituo cha polisi. "Watu gani?"

Akacheka, halafu akapima benchi langu. Urefu, upana, kimo. Sasa niambieni, nani anapima benchi? (Anayetaka kujua kama litaenea kwenye lori.) Moyoni nikamwandikia maksi zake.

Jana sikufungua, nilikuwa msibani Butiama. Leo asubuhi nafika, nakuta X. Moja kwenye nguzo, nyingine kwenye bati la ubavuni, nyingine kwenye benchi. Rangi mbichi kabisa, ukigusa inakubakia kidoleni.

Sisi tuliokulia kando ya barabara hii hatuhitaji mkalimani wa X. Ukiikuta ukutani kwako, anza kufungasha. Shangazi yangu alipigiwa X kwenye duka lake, akasema hao ni watoto tu wanacheza. Tingatinga lilimkuta bado anasema hivyo hivyo.

Masatu, muuza furu, alikuwa amekuja nimzibie tairi. Akaegesha baiskeli na kapu lake la samaki, akainama kuitazama ile ya kwenye nguzo.

"Lakini Mafuru, hii ni ya bluu. Za kubomoa huwaga nyekundu."

"Nyekundu imewaishia."

"Na mbona iko chini hivi? Ona, inanifika kiunoni tu."

"Aliyechora alikuwa anajificha." (Nikajiona nina akili sana.)

Masatu akanishauri nikamuulize mwalimu mkuu kwanza. Nikamwambia mwizi haulizwi, ukimuuliza unamshtua. Mabati yangu hayatakunjwa na tingatinga nikiwa hai. Nikapanda juu, nikaanza kung'oa misumari. Watu wakasimama kutazama. Mama mmoja akaniuliza kama nahama, nikamwambia nahamishwa. Akasikitika sana. (Huruma yake ilinipa nguvu, nikang'oa na nguzo.) Benchi lilikuwa limechimbiwa chini, likagoma. Nikalivuta kwa hasira, mguu mmoja ukabaki ardhini. Vyote nikavipakia kwenye mkokoteni.

Bahati nzuri, au mbaya, leo leo kulikuwa na kikao cha wazazi kuhusu huo mpango. Nikaingia ukumbini na vumbi langu, nyundo mkononi. Wazazi wamejaa. Darasa la pili wamekalishwa chini mbele, waliletwa kuimba. Yule dada wa Mwanza amesimama kando ya karatasi kubwa yenye ramani. Sikungoja kupewa nafasi.

"Mwalimu, mimi kwetu ni Mwitongo, kule Butiama, huwa hatuzungukani. X zenu nimeziona. Nimebomoa mwenyewe, msihangaike kuleta tingatinga. Sasa tuambieni, ile kona mnamuuzia nani?"

Nyuma wakanipigia makofi. Kuna mzee alisema, "Sema, kijana!" Nami nikavimba, nikageuka kuwapungia mkono. Mkono wenye nyundo.

Mwalimu Nyangeta akaniuliza polepole, "Umebomoa nini, baba Nyamisi?"

"Banda langu."

Akawageukia watoto. "Nani jana aliweka alama kwenye banda la fundi?"

Mikono ikanyooka. Mikono mingi, jamani, na mingine ina rangi ya bluu mpaka kwenye kwapa.

Ndipo yule dada akaeleza, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi. Jana aliwagawia watoto rangi, akawaambia waweke alama kwenye kila kitu ambacho hawataki kiondolewe shule ikijengwa upya. Alama gani, hakuwachagulia. Sasa watoto waliokulia barabarani wanajua alama gani nyingine ya kuchora kwenye jengo?

"Na benchi," akasema, "nililipima ili tutengeneze mengine kama lile, tuyaweke chini ya miti."

Mtoto mmoja wa kike akasimama bila kuitwa. "Sisi tulichagua kwa fundi kwa sababu anatujaziaga mpira upepo." Halafu akachungulia dirishani kwenye ile kona, akaona nguzo hazipo. Akaanza kulia. Mwenzake akamsaidia. Mara darasa zima la pili linalia, na wazazi wote wananitazama mimi. Wale wa makofi pia.

Nilitamani kile kikao kiniwekee X na mimi.

Mchana wote nimekuwa nikirudisha nguzo, watoto wananibebea mabati, na Masatu amekaa kwenye kapu lake tupu akinisimamia. Banda limesimama, ila limeegemea upande wa Musoma. Benchi lina miguu mitatu na tofali. Zile X sijazifuta, na atakayezifuta tutaonana.

Mkipita pale kona msicheke. Na siku mkiipata X ukutani kwenu, kabla hamjashika nyundo, pimeni kwanza aliyeichora ana kimo gani.