Nilivyovaa Sketi ya Mama Kumkamua Sekela

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kwaya nzima. Naandika mikono bado inanuka mafuta ya kukamulia.

Wanaonifahamu wanajua Mama aliteleza shambani akavunjika mguu, sasa yuko Mbeya kwa dada yangu anauguzwa. Mimi nimerudi Kyimo kumtunzia ng'ombe wake, Sekela. Anaye huyo mmoja tu, mjukuu wa ng'ombe aliyetusomesha sote. Kila jioni Mama anapiga simu. Hata salamu hanipi. "Sekela ameachia maziwa?"

Hajaachia! Mama akikamua, ndoo inajaa. Nikikamua mimi, napata kikombe na teke. Majani ya guatemala nampa, pumba nampa, maji safi nampa. Maziwa anayabana tu. Na ng'ombe asipokamuliwa maziwa yote, anakauka. Mama akirudi akute ng'ombe mkavu, sijui nitamtazama vipi usoni.

Jana bwana mifugo akaniambia, "Huyu amezoea mtu mmoja. Mkono uleule, sauti ileile, saa ileile."

Nikafikiri. (Nikifikiri mimi, ujue mambo yanaharibika.)

Asubuhi, ukungu umetanda, nikachukua nguo za Mama za bandani pale kwenye msumari. Sweta la kijani. Sketi. Kilemba. Sketi ilikataa kufunga kiunoni, nikaikaza kwa kamba. Nilipovaa lile sweta, harufu ikanipata: moshi wa jikoni, maziwa, sabuni ya mche. Nikawa mtoto tena. Nimekaa mlangoni mwa banda na kikombe cha bati, nasubiri maziwa ya moto yenye povu, mvua inapiga bati na Mama anaimba. Povu lilikuwa linanibaki puani, naye ananifuta kwa pindo la kitenge. Nimemkumbuka Mama, jamani. Mtu mzima na ndevu zangu, machozi yakanilenga.

Nikajikaza. Maji ya uvuguvugu, kitambaa, nikamkanda kiwele taratibu. Nikaanza wimbo wa Mama wa kanisani, kwa ile sauti yake nyembamba. (Ninayo. Msiniulize.) Sekela akageuza masikio. Akaanza kucheua. Maziwa yakashuka! Shwaa, shwaa, ndoo inapokea! Kwa furaha nikapandisha sauti.

Nisingepandisha. Banda letu liko kando ya njia ya kanisani, na kwaya ya kina mama ilikuwa inapita kwenda kufanya usafi. Nikamsikia Mama Atupele, rafiki wa Mama tangu usichana wao:

"Mwe, Mama Ambakisye amerudi! Sikilizeni sauti!"

Vigelegele! Ambakisye ni mimi. Nikataka kukimbia, lakini kamba ilikuwa imenasa kwenye kigoda. Mlango ukafunguka, mikono miwili ikanikumbatia kwa nyuma.

"Ndaga Yesu, asante! Rafiki yangu umepona!" Akanipapasa shavu. Akakuta ndevu. Mikono ikasimama. "Gwe... wewe ni Ambakisye?"

"Shikamoo, mama." (Mlitaka niseme nini?)

"Marahaba... Yesu wangu!"

Akapiga ukelele. Sekela akashtuka, akapiga teke ndoo. Maziwa yote chini! Nikaruka, kamba ikafunguka, sketi ikabaki kwenye kigoda. Bukta niliyokuwa nayo ndani tusiizungumzie.

Kina mama walicheka mpaka wakakaa juu ya majani ya ng'ombe. Mmoja aliishiwa nguvu, akashikiliwa. Mama Atupele, bila huruma, akampigia Mama simu ya video. "Tazama pacha wako!"

Mama alicheka huku anaushika mguu. Halafu akalitazama lile sweta lake, akajifuta macho.

"Maziwa yalishuka?"

"Yalishuka, Mama. Yamemwagika, lakini yalishuka."

"Basi kesho vaa tena, mwanangu. Na wimbo usibadilishe. Nitembee tu kidogo, nakuja."

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkipita Kyimo asubuhi mkamsikia Mama anaimba bandani, msicheke na msipige vigelegele. Ni mimi, na ng'ombe ndiyo kwanza ameanza kuniamini.