Matarumbeta Kwenye Kona

Jumamosi, 1 Agosti

Nimejiandikisha. Safari ya baiskeli ya siku tatu, kuchangia karakana ya kituo cha vijana wenye usonji, anakosoma mpwa wangu. Dada alifurahi mpaka akanishika mkono mbele za watu. Sikumwambia sababu yenyewe. Kinyozi wa mtaani kwetu naye anakwenda, na jana, nikiwa na povu shavuni na wembe uko kwake, alitangaza kwamba tumbo langu litafika nusu saa kabla yangu. Wateja wote walicheka. Mtu mwenye povu hana la kujibu.

Leo kulikuwa na kikao cha waendeshaji. Mwalimu wa kituo alieleza habari za mapokezi, huku amenyoosha mikono juu. Sikusikiliza. Nilikuwa naitazama kaptula mpya ya Kinyozi inavyombana. Mtu mzima, baba wa watoto.

Jumanne, 4 Agosti

Mpango umekamilika. Nimeongea na mkuu wa bendi ya matarumbeta, yule mpiga ngoma kubwa anayenunua bati dukani kwetu. Siku ya mwisho watajibanza karibu na geti la kituo. Baiskeli ya kwanza ikitokeza kwenye kona, wapulize kwa nguvu zote. Baiskeli ya kwanza itakuwa yangu. Ni siri yetu wawili.

Mazoezi: nimezunguka mtaa mara moja. Goti linalalamika. Nimelipumzisha, maana akiba haiozi.

Alhamisi, 6 Agosti

Tumeanza alfajiri. Mlima wa kwanza nilikuwa nyuma ya kila mtu, isipokuwa mama mmoja muuza vitabu mwenye baiskeli ya kapu. Kisha naye akanipita. Akanitakia heri.

Ndipo likaja lori la vitunguu, taratibu. Nikashika ubavu wake. Raha ilioje! Nikawapita wote, nikampungia Kinyozi. Kumbe lori halikuwa linakwenda tunakokwenda. Likakata kulia, likaingia ghalani, geti likafungwa nyuma yangu. Mlinzi akasema kilichoingia na lori hakitoki bila karatasi ya kutokea. Nikamwambia mimi si kitunguu. Akasema hilo si juu yake kuamua.

Aliyekuja kunitoa ni Kinyozi. Alirudi peke yake kunitafuta, na mkate mkononi. Mkate nimeula. Kumsamehe bado.

Ijumaa, 7 Agosti

Kitumbua kimeingia mchanga. Dada amepiga simu jioni, sauti imejaa furaha. Mpwa wangu atatoka mpaka getini kutuvisha utepe. Ameomba mwenyewe. Tangu mwaka jana, vipaza sauti vilipolia ghafla kwenye mahafali, hajasimama tena mbele ya umati. Kelele zinamuumiza hasa, kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Wiki nzima amekuwa akimuuliza mama yake kama kutakuwa na kelele, na mama yake akimwambia hakutakuwa. Dada amesema msichana akidanganywa safari hii, hajui kama ataomba tena kutoka.

Nikasema vizuri sana, dada.

Nimempigia mpiga ngoma. Simu imezimwa. Nimepiga mpaka kidole kimechoka. Ningemwambia dada ukweli, mambo yangeisha hapo hapo, angewafukuza getini. Lakini nitaisikia hadithi hiyo kila familia ikikutana, mpaka nizikwe. Basi njia ni moja. Nifike kabla ya wote. Mimi!

Jumamosi, 8 Agosti

Niliondoka wenzangu wakiwa bado wanakunywa chai. Leo nimeendesha kweli, bila lori. Kinyozi alidhani ni mashindano, akanifuata mbio. Kwenye mlima wa mwisho alinifikia, nikaona huyu atanipita, atokeze kwenye kona, na matarumbeta yatalia. Nikamwambia yote, huku nahema. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliuliza tu bendi imejificha upande gani.

Bendi ilikuwa inangoja baiskeli. Basi, baiskeli yangu na yake tukazilaza nyuma ya ukuta, kabla ya kona. Kinyozi akabaki kuwazuia wenzetu, akijifanya amepata pancha. Mimi nikavua helmeti, nikaenda kwa miguu kama mpita njia. Mkuu wa bendi alinuna. Alisema wamepiga pasi sare kwa ajili ya nani. Nikawapeleka mpaka uwanja wa mpira, mbali kabisa, nikakaa kwenye nyasi nikawasikiliza wimbo mzima ili waridhike. Nikapiga makofi peke yangu.

Niliporudi kuchukua baiskeli, Kinyozi alikuwa ameshawaachia wenzetu, na wote walikuwa wamefika. Nikakata kona peke yangu, wa mwisho. Umati mzima kimya. Hakuna hata kikohozi. Wote wamenyoosha mikono juu, wanatikisa vidole kunielekea. Nikajua wamejua. Wananifukuza. Nikageuza baiskeli.

Nyuma yangu nikasikia viatu. Mpwa wangu alikuwa ametoka getini, amepita watu wote, yuko katikati ya barabara na utepe mkononi. Akaniuliza mjomba unakwenda wapi, mwisho uko hapa. Akasema umebaki utepe mmoja na huo ni wako. Akanivisha, akaunyoosha mpaka ukakaa sawa. Dada alikuwa analia getini, mikono bado iko juu. Na mimi nililia, sifichi.

Baadaye Kinyozi akanieleza kwamba ile mikono ndiyo makofi yao, yasiyoumiza masikio. Mwalimu alishaeleza kwenye kikao. Akauliza siku ile nilikuwa natazama nini. Sikumwambia.

Jumapili, 9 Agosti

Nimefikiri sana. Wenzangu wote walivishwa getini, kwenye foleni. Aliyefuatwa mpaka katikati ya barabara ni mmoja tu. Kwa hiyo faida iko kwa anayefika mwisho. Mwakani nitakuwa wa mwisho kwa makusudi.

Tatizo ni Kinyozi. Jioni hii nimemwona mtaani anafanya mazoezi ya kwenda polepole. Ameanguka mara mbili, lakini anaendelea vizuri.

Nimeshampigia mpiga ngoma. Leo amepokea. Nimemwambia mwakani waje tena, ila wapulize kwa sauti ya chini.