Printa ya Chama cha Kuzikana

Jumamosi, Pagume 1
Wameiuza kompyuta yangu! Mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana, Shitaye, kaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu nikiwa nakula mchana. Mezani kaweka mpya, nyembamba kama mkate wa injera, na printa isiyo na waya hata mmoja. Programu ya matangazo ya misiba niliiandika mwenyewe enzi za disketi. Kwa bahati nakala ninayo. Nimeiweka, imefunguka, haichapi! Inatafuta lile tundu pana la nyuma la kuchomekea waya wa printa, na kompyuta mpya haina. Shitaye kasimama mlangoni akauliza kama marehemu wetu watasubiri foleni. Jumatano tunachagua katibu. Nisipochapa, kiti changu anakikalia yeye. Mji mzima wa Debre Birhan unajua anavyokitamani.

Jumapili, Pagume 2
Baada ya misa, mbinu! Nimepata programu ndogo ya kukaa katikati. Inajifanya tundu la zamani, inapokea tangazo, inaikabidhi printa. Kwa majaribio nilihitaji marehemu. Kumwandika jirani ni uchuro, nikajiandika mimi: Wubishet Aklilu, amefariki, maziko kesho saa tisa. Nikabofya. Kompyuta ikasema imechapwa. Wapi! Printa kimya. Nikabofya tena, na tena, nikaizaba kofi. Nilirudi nyumbani na hasira hata mchuzi wa shiro haukushuka.

Jumatatu, Pagume 3
Sikukuu ya Malaika Rafaeli. Nilitoka alfajiri mke wangu Asnakech akiwa bado amelala, nikaenda kanisani nikasimama kwenye mvua, kwani mvua ya siku hii ni baraka. Nilimwomba malaika jambo moja tu: ichape.

Nimerudi mchana, nimelowa chapachapa. Hema uani kwangu! Hema la chama, mabenchi ya chama, masufuria ya chama. Asnakech analia kuliko wote. Kumbe umeme ulikatika, uliporudi printa ikazinduka na kutapika matangazo yote hadi sakafuni. Mpiga mbiu wetu, Mzee Demissew, akayakuta, akapuliza baragumu mtaa mzima. Nilimuuliza kwa nini hakuja kuniangalia kwanza. Akanijibu, tangu lini karatasi ya ofisi ikahakikiwa kwa kumtekenya maiti? Jirani mmoja akanisihi nitulie, kwani ameshaomba ruhusa kazini.

Lakini tangazo lenyewe! Herufi zimenyooka, hakuna mstari uliokatika. Nimelionyesha hema zima. Shitaye kasema, “Pole sana, marehemu,” akaendelea kutafuna nafaka za kukaanga za msiba wangu.

Jumanne, Pagume 4
Tangazo likichapwa, programu humfuta marehemu kwenye orodha ya wanachama, na sasa inakataa kunifufua. Niliiandika hivyo makusudi, mjanja asije akazikwa mara mbili kwa fedha za chama. Nani angejua! Asnakech ameniambia niiache, nikawaambie watu nilikosea. Mimi? Nikosee?

Jumatano, Pagume 5
Fedheha! Shitaye kaomba, kwa sauti ya asali, orodha ya wanachama itoke kwenye programu yangu. Nikachapa mbele ya mkutano. Ikatoka safi, nikapigiwa makofi. Jina langu halimo. Nikapiga kelele kwamba niko hai, wananiona, natema mate! Mwenyekiti akauliza kwa upole kama programu yangu hukosea. Nikainuka nikatamka kwamba haijakosea tangu nilipoiandika. Makofi tena. Basi, kwa kuwa marehemu hagombei, Shitaye ndiye katibu. Wamesimama kimya kidogo kunikumbuka, nami nikiwa nimekaa mstari wa mbele.

Alhamisi, Meskerem 1
Pagume, mwezi wetu wa siku tano, umekwisha; leo ni mwaka mpya. Watu wanapeana maua ya njano, mimi nimo ofisini. Funguo bado ninazo, kwani hakuna anayemdai maiti. Nimesoma katiba ya chama upya. Katibu akifariki, uchaguzi unarudiwa! Nimeandika: Shitaye Mengiste, amefariki. Ni majaribio tu. Nimebofya. Kompyuta inasema imechapwa. Printa kimya. Nabofya tena.