Mtihani wa Macho Uliobadilishwa Bila Taarifa

Buyenzi, Bujumbura

Kwa Daktari Elvire, Mpima Macho

Madamu Daktari,

Salamu kwako na kwa mashine zako zote. Mimi ni Djibril, fundi wa breki wa Buyenzi, yule uliyempima Jumanne ukamnyima cheti cha kuendesha gari. Nakuandikia kwa heshima, ingawa hasira ninayo na sitaificha.

Jumamosi ijayo binti yangu wa pekee, Soumaya, anaolewa Kibenga. Nimeapa mbele ya ndugu zangu kwamba nitampeleka mwenyewe, kwa gari langu. Mafuta tumeyatafuta mji mzima, na yalipopatikana wewe ukasema kinachokosekana ni dereva. Sasa Claude wa Kiriri, rafiki wa bwana harusi, amejitolea kuleta gari lake aina ya jipu na dereva wake, nami nikae nyuma pamoja na masanduku. Ndiyo maana naleta malalamiko haya.

1. Ulibadilisha mtihani. Rafiki yangu Twalibu alipimwa kwako mwaka jana, akanipa herufi zote za ubaoni, tangu ile kubwa ya juu mpaka zile za chini zilizo kama sisimizi. Nilizihifadhi kama tulivyohifadhi sura madrasa, kwa sauti na kwa kuyumba, mpaka mke wangu Asiya naye akazijua akiwa jikoni. Nikafika kwako, nikakaa, nikazisoma zote bila kosa. Ukaniambia taa ya ubao ulikuwa bado hujaiwasha. Kisha ukaiwasha, na herufi zikawa nyingine! Mwanafunzi aliyejitayarisha namna hii anafelishwaje?

2. Ulinionyesha herufi E imelala chali, ukauliza miguu yake imeelekea wapi. Nilijibu kwamba aliyeilaza ndiye anayejua. Hukuliandika jibu hilo, na lilikuwa sahihi.

3. Uliniweka kidevu kwenye mashine ukasema nitazame nyumba iliyo mwisho wa barabara. Niliiona. Barabara ilikuwa imenyooka, haina shimo, haina baiskeli iliyobeba ndizi, wala foleni ya mafuta. Kwenye barabara hiyo sikumgonga mtu yeyote. Badala ya kunipongeza, mashine ya pili ikanipulizia upepo jichoni bila hata hodi. Naomba maksi za ile nyumba.

4. Ulimpima nusu dereva. Mimi huendesha pamoja na Asiya: nashika usukani, yeye anashika barabara. Akipiga kelele, "Baba Soumaya, simama! Ile apana kivuli, ni ng'ombe!" nasimama papo hapo, na miaka yote hii ng'ombe hao wako hai. Tuna macho manne, Madamu. Yangu mawili tuyaache, lakini yake ni mazima, na gari moja halihitaji zaidi ya mawili.

5. Umeniandikia miwani. Nikiivaa gereji, wateja watauliza tangu lini sioni, kisha watazikumbuka breki zote nilizowafungia. Mtaa mzima utateremka kwenye magari. Hilo nalo utalitibu kwa matone?

Kwa hiyo naomba uzirudishe herufi za mwaka jana, nije nizisome upya, taa ikiwa imewaka au imezimwa, kwangu ni sawa. Ikishindikana, mpime Asiya na cheti uandike jina langu. Hilo nalo likikushinda, nipe cheti cha njia moja tu, Buyenzi mpaka Kibenga, kwenda bila kurudi, na uwaombe wakubwa kwamba Jumamosi asubuhi watu, baiskeli na ng'ombe wote wabaki majumbani. Mpita njia mwenye akili hatakataa, maana ni kwa faida yake.

Wasalimie wasaidizi wako, watoto wako, na yule mgonjwa niliyemkalia kwenye benchi nikidhani ni mto. Mwambie nilimwomba radhi, ila nadhani nilimwomba mtu mwingine.

Ni mimi, ninayekuheshimu na kukulaumu kwa pamoja,

Djibril, baba wa bibi harusi

Nyongeza: Barua hii nimeileta mwenyewe, kwa gari, peke yangu, ili ujionee ninavyoendesha, na maneno haya nayaongeza nikiwa hapa langoni kwako. Mlinzi wako anasema lango lilikuwa limefungwa. Ni kweli, nimeliona vizuri lilipokuwa chini ya gari. Hakuna aliyeumia, na breki ni nzima kabisa, ni mimi niliyechelewa kuzikanyaga. Lango nitalinyoosha kesho. Dereva wa Claude na aje. Ila ile miwani, Madamu, nakusihi iwe tayari kabla ya Jumamosi, maana Soumaya akishuka garini kuingia kwa mumewe, nataka nimwone.