Gari la Baba Linavyonguruma

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Binti yangu Clémence amelala saa tatu jumla, tena kwa vipande. Miezi saba, jino moja, hasira za mtu mzima. Mimi nimelala kidogo kuliko yeye.

Tukiwa kwenye supu, mume wangu Ludo katangaza kwamba kabla theluji haijaanza tununue gari la petroli. La marehemu baba liende kwa wanunua vyuma chakavu. Eti injini yake inalia kama debe la misumari. Nikamwambia dizeli ndogo ni injini ya kistaarabu, inataka kuzoewa tu. Akacheka mpaka supu ikamtoka puani.

Sikumwambia la moyoni. Baba alizunguka na gari hilo miaka kumi na mbili, shamba hadi shamba, akipima maziwa ya ng'ombe wa watu. Shule zikifungwa alinichukua. Nilikaa nyuma na kreti la chupa za sampuli, injini ikitetemeka, chupa zikiimba. Sijawahi kulala vizuri kama pale.

Niseme hayo mbele ya mtu mwenye supu puani? Hapana. Nina mpango.

Jumatano, 6 Novemba

Mama mkwe, Huguette, kaleta mayai na maoni. Dizeli ni ya matrekta, kasema, na mwenye mtoto mchanga hapandi trekta. Shemeji Régis, mdogo wake Ludo, naye kaja kuegesha gari lake la petroli mahali ninapoweza kuliona. Anasema limetulia hivi kwamba hujui kama limewaka. Juzi kaliwasha mara mbili. Nikamjibu kwamba huo si utulivu wa gari, shemeji, ni usahaulifu wako.

Kisha nikawapa shindano. Jumapili, baada ya chakula, glasi iliyojaa mvinyo iwekwe juu ya boneti, injini iwake. Ukimwagika, gari liende. Usipomwagika, libaki. Ludo kakubali haraka mno. Wote wanajua utamwagika. Hata mimi.

Ijumaa, 8 Novemba

Kazi. Lita nne za mafuta ya alizeti ndani ya tangi. Muuza jibini sokoni anaapa kwamba hulainisha sauti. Blanketi kuukuu la sufu nimelisokomeza chini ya boneti. Clémence kifuani kwangu, ananitazama kama polisi.

Nikawasha. Kelele imepungua nusu! Ila mtoto huyu, ambaye siku zote injini ile ikinguruma husinzia kabla hatujafika kanisani, leo kakodoa macho muda wote. Nimemnyima bembelezo lake. Nikambusu utosini, nikamwambia avumilie, mama anaokoa urithi. Kisha nikamwambia tena, kwa ukali kidogo, maana alikuwa ananing'ata kidevu.

Jumapili, 10 Novemba

Nilisema naenda kununua mkate. Nikaendesha kilomita ishirini ili injini ipate moto, kwa sababu dizeli ikiwa baridi hugombana na kila mtu. Nikarudi bila mkate. Tumekula viazi vya jibini bila mkate, Huguette akikitazama kikapu kitupu, halafu mimi, halafu kikapu.

Glasi ikawekwa. Nikawasha. Mvinyo ulitetemeka, ukatetemeka, ukabaki ndani. Harufu ya chipsi ikajaa uani, Ludo akauliza nani anakaanga. Nikasema majirani.

Régis hakusikia hata harufu. Alikuwa ameinamia boneti, macho yamemlegea. Kasema hajapata kukutana na dizeli ndogo yenye adabu namna hii, na yeye ni mtu wa safari ndefu, hivyo analinunua. Ludo kampa mkono papo hapo, kama wauza ng'ombe. Nikawakumbusha kwamba limeshinda, libaki. Ludo kasema litabaki, ndani ya ukoo.

Nimeosha vyombo kwa kishindo. Hakuna aliyeelewa.

Jumamosi, 16 Novemba

Régis kaja na mama yake kuchukua gari. Nilikuwa tayari. Blanketi nimelitoa. Gari limelala nje kwenye baridi kali siku tatu. Ile taa inayoonyesha kwamba injini ya dizeli bado inajipasha moto sikungoja izimike, nikageuza ufunguo hapo hapo. Likakohoa, likafuka, likagonga kama kinu cha mahindi. Régis karudi hatua mbili. Shemeji, kasema, hili si lile la Jumapili. Nikamjibu kwa huzuni kubwa kwamba ndivyo dizeli zilivyo, zina siku zao.

Huguette kasogea karibu. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Halafu kasema, polepole, kwamba miaka ile baba alipokuja shambani kwao kupima maziwa, sauti hiyo alikuwa akiisikia tangu darajani, anaweka kahawa motoni, na baba yangu akifika mlangoni inachemka. Na kwamba siku nyingine kulikuwa na katoto ka kike kamelala nyuma, na wavulana wake walikatazwa kukasogelea.

Ludo katazama viatu vyake. Kasema yeye alikasogelea mara moja. Alikafunika koti.

Sikujua hilo. Miaka yote hii, sikujua.

Huguette kamwambia Régis arudi na gari lake, hili halitoki hapa. Baadaye Ludo kaniuliza kwa nini sikumwambia tu kwamba nalipenda. Angekubali kabla supu haijapoa. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo nitasema mambo waziwazi.

Jumapili, 17 Novemba

Ludo amechangamka. Anataka gari lipakwe rangi mpya, nyekundu. Pale mlangoni, chini ya dirisha, rangi ya zamani imefifia mahali baba alipokuwa akiegemeza kiwiko. Ningeweza kusema sitaki.

Nimemwambia Ludo kwamba fundi wa rangi kafunga karakana, kahamia Toulouse. Fundi mwenyewe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mchana huu Huguette kamwalika chakula pamoja nasi. Navaa koti sasa hivi nikamwombe augue.