Bahari ya Kimulot

Alhamisi, 7 Machi 1996

Barua imefika! Nimepita mchujo wa kusomea uzamili, sayansi ya bahari na ardhi. Ufadhili ni wa mtu mmoja, na tumebaki wawili: mimi na Sagini, tunayefundisha naye jiografia shule moja. Kila mtu aeleze njia iliyomleta kwenye sayansi, kisha aambatanishe vipimo vyake mwenyewe. Bahari sijaiona hata siku moja. Lakini bwawa la kiwanda cha chai liko hapa chini, na maji ni maji! Nimechukua ufito wa Mama, ule anaoulaza juu ya majani ya chai ili achume kwa usawa. Nimeutia alama za sentimita na kuuchomeka bwawani.

Ijumaa, 8 Machi

Ajabu! Asubuhi maji yameshuka sentimita sita. Jioni yamepanda tena. Kupwa na kujaa, huku kwetu Kimulot milimani! Sagini anasema ataandika tu juu ya mawe yenye umbo la mifupa aliyokuwa akiokota Fort Ternan akichunga ng'ombe wa mjomba wake. Maskini. Nimemnunulia chai kwa huruma.

Mama anautafuta ufito. Nimemwambia avumilie, atakuwa mama wa daktari.

Jumapili, 10 Machi

Maji hayakusogea kabisa. Nilishtuka, kisha nikaelewa: mwezi nao hupumzika siku ya Bwana. Ugunduzi! Nimeuandika kwa wino mwekundu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetuma bahasha mapema, kabla ya Sagini. Kurudi bwawani nikamkuta Mzee Gekara, fundi wa pampu, akiuliza ni nani ameweka mti kwenye maji yake. Akaeleza kwamba kila asubuhi huvuta maji ya boila, jioni mto hulijaza bwawa, na Jumapili kiwanda hufungwa. Nilikimbia posta. Gunia la barua lilikuwa limeshaondoka!

Ijumaa, 29 Machi

Sagini amepata. Nimeumia, sifichi. Mimi nimeulizwa, kwa upole sana, kwa nini mwezi wa Kimulot huenda kanisani.

Nyumbani nako moto. Bila ufito, Mama amechuma vilima na mabonde, na ofisa wa chai amemkemea mbele ya majirani. Ameniuliza kama hiyo bahari yangu inauzwa kwa kilo. Nikamrudishia ufito, nikatoka nje kutuliza moyo. Nikatazama shamba. Mawimbi! Shamba zima ni mawimbi! Kimo, upana, mwelekeo, vyote vinapimika! Mwakani ufadhili ni wangu.

Nimemwomba Mama ufito, siku tatu tu. Ameuficha chini ya kitanda. Jumapili akiwa kanisani nitauchukua.